Andes na Amazon na watoto watatu: tuanze na mlima au msitu?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam na tuna watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 4. Tumejinyima muda mrefu, na Julai ijayo tunataka kukaa wiki tatu Peru, milimani na katika msitu wa Amazon. Rafiki aliyekwenda peke yake ametuandikia ratiba: tukitua Lima tuunganishe ndege ya Cusco siku hiyohiyo, kesho yake Mlima wa Rangi Saba, kisha siku nne za kutembea Njia ya Wainka, watu waliotawala Andes kabla ya Wahispania, hadi magofu ya mji wao wa Machu Picchu, mwisho ndege ya Puerto Maldonado na siku mbili msituni. Mkubwa ameshafika Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro, na shule yake, hivyo milima anaijua. Mama mkwe anasema tunawapeleka wajukuu wake kufa, na kwamba mdogo abaki naye. Je, tuanze na mlima au msitu? Na mdogo tumwache?

JIBU

Dada yangu, mdogo msimwache. Cha kuacha ni hiyo ratiba. Aliyeiandika ni mtu mzima aliyesafiri peke yake, ambaye akiumwa kichwa anajua ni kichwa, anameza dawa na kurudi kitandani. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza hayo. Atalia, atasukuma sahani, atataka kubebwa, na ninyi mtasema ni uchovu wa ndege. Kwa hiyo naanza na mwinuko, maana ndio unaoamua mambo mengine yote, hata hilo la mlima au msitu.

Lima iko pwani kama Dar es Salaam. Cusco iko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ndege inawafikisha kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Kule Kilimanjaro, anayepita njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,700, ndipo kesho yake afike Horombo, mita 3,720. Ninyi mtaamka usawa wa bahari na usiku mtalala karibu na kimo cha Horombo bila kutembea hata hatua moja. Shinikizo la hewa Cusco ni kama theluthi mbili ya lile la Dar es Salaam, maana yake kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa theluthi moja. Mtu mzima mwenye afya njema huweza kuamka na kichwa kizito, hana hamu ya chakula, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Na asubuhi hiyohiyo rafiki yenu anataka mwende Vinicunca, huo Mlima wa Rangi Saba, ambako gari linawashusha mahali palipozidi mita 4,500 na kilele chenyewe kinapita 5,000!

Hapa nyumbani KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro, hawaruhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kupita mita 3,700. Kule Vinicunca msitegemee kuzuiwa getini. Kuna farasi wa kukodi, na mwenye farasi ana biashara ya kufanya. Ifuteni kabisa, wala msiiwekee nafasi mwishoni mwa safari. Isitoshe, picha zake nyingi zinazozunguka mitandaoni zimekolezwa rangi.

Kuhusu mkubwa: kufika Mandara kumempa moyo, lakini hakujampa kinga. Mazoea ya mwili na mwinuko hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka, na nguvu za miguu hazihusiani na nani ataugua. Kwa kweli huyu wa miaka 14 ndiye ninayemhofia kuliko mdogo. Mdogo atalia na mtamwona. Mkubwa atanyamaza kwa sababu hataki kuonekana dhaifu mbele ya wadogo zake. Mwambieni mapema kwamba kuficha maumivu ya kichwa milimani ni kosa, na muulizeni kila asubuhi na kila jioni, amejibu vizuri au kwa kununa.

Kanuni ya kushika ni hii: angalieni mnalala wapi, wala si mnafika wapi mchana. Mkishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike bila kupanda. Waongoza wageni wetu wa Moshi wanaiita panda juu, lala chini. Cusco inaivunja kanuni hiyo siku ya kwanza, lakini bahati nzuri kuna mlango wa pembeni.

Mlango huo ni bonde la mto Urubamba, ambalo watalii huliita Bonde Takatifu. Laleni Lima usiku mbili kwanza. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane na watoto wataamka usiku wa manane wakidai chai. Siku mkitua Cusco, gari liwasubiri uwanjani na mshuke moja kwa moja hadi Ollantaytambo, takriban mita 2,800. Ni mwendo wa kama saa mbili. Laleni huko usiku nne. Bado ni juu kwa watu wa pwani, lakini tofauti ya mita 600 kati ya kulala hapo na kulala Cusco ni kubwa kuliko inavyosikika.

Ollantaytambo yenyewe inatosha kuwashughulisha watoto. Vichochoro vyake vimepangwa na Wainka na bado watu wanaishi humo, maji yanapita kwenye mifereji ya mawe kando ya nyumba, na juu ya mji kuna ngome yenye matuta makubwa. Mchana mnaweza kupanda hadi Moray, mashimo ya duara yenye matuta kama ngazi, karibu mita 3,500, au kwenye mashamba ya chumvi ya Maras, ambako chemchemi yenye chumvi inagawanywa katika vidimbwi maelfu vinavyomilikiwa na familia za hapo. Jioni mnarudi chini kulala. Msijaze siku. Siku ya kwanza hasa msifanye chochote zaidi ya kuzunguka sokoni, kunywa maji na kula vyakula vyepesi.

Machu Picchu iko mita 2,430 tu, chini kuliko Cusco, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Treni inatoka Ollantaytambo hadi Aguas Calientes, ambako hakuna barabara ya gari inayofika kutoka Cusco, na basi dogo linapanda mlima hadi getini. Nunueni tiketi miezi kadhaa kabla, kwa sababu idadi ya wageni kwa siku ina kikomo na tiketi inataja saa ya kuingia na njia ya kupita ndani. Pasipoti za watoto pia mwende nazo. Vyoo viko nje ya geti, kwa hiyo mdogo apelekwe kabla ya kuingia, hata akiapa kwamba hana haja. Kigari cha mtoto hakifai kwenye ngazi zile. Chukua kanga nzito. Akina mama wa Kiquechua hubeba watoto mgongoni kwa kitambaa kiitwacho lliclla, na hakuna atakayekushangaa.

Njia ya Wainka ya siku nne sasa. Inapita Warmiwañusqa, mita 4,215, na usiku wa kulala kwenye mahema ni wa baridi kali mwezi Julai. Vibali ni 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na vya Julai huisha miezi mingi kabla. Kwa mtoto wa miaka minne, hapana. Kwa wa miaka tisa, pengine akiwa mkubwa kidogo. Lakini mume wako na kijana wenu wanaweza kufanya ile ya siku moja: treni inawashusha kwenye kilomita ya 104, wanapanda kupitia magofu ya Wiñay Wayna, wanatokea Inti Punku, Lango la Jua, na kuiona Machu Picchu kutoka juu kama walivyoiona wasafiri wa Wainka. Njia hiyo haifiki mita 2,800. Nayo ina kibali chake cha kukata mapema. Wewe na wadogo mnakwenda na treni na kukutana nao Aguas Calientes. Kila mtoto apate safari ya kimo chake. Hakuna sheria inayosema familia lazima itembee yote kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo mlale Cusco, usiku mbili au tatu. Miili itakuwa imezoea.

Dalili za kuangalia: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, kukataa chakula. Kwa mdogo, chukulieni kwamba kila kununa kusikoeleweka milimani ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Hizo ni dalili nyepesi. Msipande zaidi, pumzikeni, na kwa kawaida zinatulia kwa siku moja au mbili. Hatari ni mtu anapoyumba akitembea kama mlevi, anapochanganyikiwa, au anapohema akiwa amekaa tu huku akikohoa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Anashushwa usiku huohuo, na oksijeni anapewa njiani. Dawa ya Diamox husaidia mwili kuzoea, lakini kipimo cha mtoto kinatokana na uzito wake na wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kumweleza daktari, kwa hiyo iandikwe Dar es Salaam kabla ya kuondoka. Hotelini mtakaribishwa chai ya majani ya koka. Ninyi wakubwa kunyweni mkipenda, ni halali kule, ingawa faida yake dhidi ya mwinuko haijathibitishwa vizuri. Watoto wapeni chai ya muña, mmea wa milimani unaofanana na mnanaa. Na msiweke hata pakiti moja ya koka kwenye begi la kurudi. Nje ya nchi chache za Andes inahesabiwa dawa ya kulevya.

Hukuniuliza hili, lakini ni la kwetu hasa na vitabu vya watalii wa Ulaya hulipita haraka: pimeni selimundu, familia nzima. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huo, na walio wengi zaidi ni wale wanaobeba nusu ya urithi wake bila kuugua wala kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipelekwe Cusco kabla daktari wake hajakubali. Anayebeba tu kwa kawaida husafiri salama, lakini kwenye mwinuko bandama lake linaweza kukosa damu. Dalili yake ni maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, ambayo daktari asiyejua historia yenu atayaita ya tumbo. Mkiwa na jibu la kipimo mkononi mnaokoa saa nyingi. Wakati mnatolewa damu hiyo, ombeni pia kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Nitasema sababu yake mwishoni.

Sasa swali lako lenyewe. Anzeni na mlima, na mshuke msituni kwa barabara. Wako wanaoshauri kuanza na msitu kwa kuwa uko chini, lakini haiwasaidii watoto wenu: kutoka msituni hadi Cusco ni kupanda zaidi ya mita 2,500 ndani ya siku moja, kuruka kulekule tulikokuwa tunakukwepa. Mkitangulia mlima, kinachobaki ni kushuka.

Na kushuka huko ndiko ninakotaka mtumie siku na fedha zenu. Badala ya kupaa kwenda Puerto Maldonado, chukueni barabara ya Manu. Inatoka Cusco, inapita Paucartambo, inafika kwenye pito la Acjanaco takriban mita 3,500, na hapo dunia inabadilika. Nyuma yenu ni nyasi kavu na upepo. Mbele ni ukungu unaopanda kutoka Amazon. Ndani ya siku mbili gari linashuka hadi Atalaya, takriban mita 500, kwenye kingo za mto Alto Madre de Dios. Kila baada ya saa moja mnavua sweta moja. Nyasi zinakuwa vichaka, vichaka vinakuwa miti mifupi iliyovikwa kuvu na okidi, miti inarefuka, ndege wanabadilika, na mtoto wa miaka tisa anaelewa jinsi mwinuko unavyopanga viumbe kuliko atakavyoelewa darasani. Anayepaa anaruka yote hayo.

Laleni njiani eneo la San Pedro, chini kidogo ya mita 1,500, katika msitu wa mawingu. Alfajiri madume ya tunki, ndege wa taifa wa Peru, mwekundu wa kuelekea machungwa mwenye kishungi kinachofunika mdomo, hukusanyika kwenye matawi yaleyale kila siku na kucheza ili majike yachague. Kuna vibanda vya kuangalilia kando ya barabara. Mdogo wenu atafurahia hili kuliko Machu Picchu.

Kama tarehe zenu zinaruhusu, pangeni kupita Paucartambo katikati ya Julai, siku za sikukuu ya Bikira wa Karmeli, ambayo kilele chake ni tarehe 16. Mji mdogo unajaa wachezaji wenye vinyago kwa siku kadhaa, na vyumba ni vigumu kupata. Waandaeni watoto kwa jambo moja. Miongoni mwa makundi ya wachezaji kuna Qhapaq Negro, wanaovaa vinyago vyeusi na kuimba kumkumbuka mtumwa Mwafrika wa enzi za Wahispania. Waafrika walipelekwa Peru kwa maelfu, na vizazi vyao bado wako, hasa mwambao wa kusini mwa Lima, karibu na Chincha. Kijana wa miaka 14 atakuwa na maswali, na ni bora ayaulize kabla hajakiona kinyago. Vilevile watu wataita watoto wenu "negrito" au "morenito" na wengine wataomba kupiga picha nao. Mara nyingi husemwa kwa upole, lakini mtoto asiyependa ana haki ya kukataa, na mmsaidie kukataa.

Hifadhi ya Taifa ya Manu ilianzishwa mwaka 1973 na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000, kubwa kuliko Serengeti, na aina za ndege waliorekodiwa humo zinazidi 1,000. Sehemu kubwa haifikiki kwa mgeni yeyote. Wageni huingia eneo la akiba pamoja na kampuni zenye kibali, kwa mtumbwi wa injini, siku nzima mtoni. Hapa ndipo fedha nyingi zitakapokwenda, na safari ya chini ya siku sita haina maana kwa sababu siku za kwanza na za mwisho ni za njia. Zikiwa pungufu, bakini upande wa nje wa hifadhi, maeneo ya Pilcopata na Atalaya, msilazimishe.

Niwaonye kuhusu matarajio. Watoto wa Tanzania wamezoea kwamba hifadhi ni mahali unapokaa kwenye gari na tembo wanapita. Msitu huu unaficha. Jagwa, paka mkubwa anayefanana na chui, wapo, na mnaweza kumaliza wiki bila kumwona hata mmoja. Mnasikia kwanza: nyani wa ngurumo wakiunguruma alfajiri utadhani ni tufani. Kisha, mkiwa kimya kwenye ziwa la Cocha Salvador, linakuja kundi la fisi maji wakubwa, kila mmoja akikaribia urefu wa mtu, wakigombania samaki kwa kelele. Kuna shansho, ndege mzito anayenuka kama zizi, ambaye makinda yake yana kucha kwenye mabawa. Kuna kaimani, jamaa wa mamba, ambao macho yao yanawaka usiku kwenye tochi. Na kuna kingo za udongo ambako kasuku wakubwa wekundu na buluu hujazana asubuhi kula udongo, inaaminika hasa kwa ajili ya chumvi. Hapo inabidi kukaa kimya saa mbili hivi. Mdogo mpeni kalamu za rangi, au mmoja wenu abaki naye kambini.

Ndani ya hifadhi wanaishi pia watu. Wamatsigenka wana vijiji vyao, na Wamashco Piro wamechagua kutochangamana na mtu. Mkiwaona ng'amboni mwa mto, mtumbwi hausimami, hakuna picha, hakuna kuacha nguo wala biskuti. Mafua ya kawaida ya mtoto wenu yanaweza kuua watu ambao miili yao haijawahi kukutana nayo.

Mama mkwe bila shaka anafikiria chatu na jagwa. Mweleze kwa heshima kwamba mto ni hatari zaidi. Mtumbwini kila mtoto avae jaketi la kujiokoa linalomtosha, na linalomtosha mtoto wa miaka minne huwa halipo, kwa hiyo ulizeni kampuni kwa maandishi au mlibebe kutoka nyumbani. Kuoga mtoni ni pale tu mwongozaji anapoonyesha, na miguu iburuzwe mchangani bila kuinuliwa, maana samaki aitwaye taa, wa maji baridi, hujifukia chini na mwiba wake unaumiza vibaya. Mikono isishike shina la mti bila kuangalia. Mingine ina miiba, na kuna chungu mkubwa mweusi aitwaye isula ambaye maumivu yake hudumu hata siku nzima. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu peke yao: popo wanyonya damu wa Amazon hubeba kichaa cha mbwa. Hospitali ikiwa mbali kiasi hicho, ningewachanja watoto dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kuondoka. Gambuti za wakubwa hupatikana kambini, za watoto nendeni nazo.

Mizigo mingine ni michache. Usiku wa Julai Cusco hukaribia nyuzi sifuri, mchana jua linachoma hata ngozi yetu na midomo hupasuka. Makoti mazito yapo kwenye mitumba ya Karume, hamna haja ya duka la wapanda mlima. Msiyaache Cusco mkidhani msituni ni joto tupu. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini unaoitwa friaje hupenya hadi Amazon, na jotoridi hushuka ghafla hadi kukaribia nyuzi 10 kwa siku kadhaa. Mtumbwini, na mvua, ni baridi ya kutetemeka.

Chakula hakitawasumbua. Ndizi za kukaanga, wali, maharage, kuku, na muhogo kila siku. Muhogo, mahindi na karanga vilitoka Amerika kuja kwetu, hivyo watoto wanakwenda kula ugenini chakula cha nyumbani. Kitu kimoja cha kupunguza ni samaki wakubwa walao wenzao, hasa kambare wa mto Madre de Dios. Wachimbaji wa dhahabu wa mkoa huo hutumia zebaki kama wanavyofanya wachimbaji wadogo wa Geita, nayo huishia kwenye samaki. Mwaka 2016 serikali ya Peru ilitangaza hali ya dharura mkoani humo kwa sababu hiyo. Maji ya milimani yachemke dakika tatu kamili, kwa kuwa kule juu huchemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Kutoka, msirudi Cusco. Mtumbwi unateremka na mto hadi Boca Colorado, kisha gari na kivuko cha mto Inambari hadi barabara kuu ya Puerto Maldonado, na hapo ndege ya Lima. Ni siku ndefu, lakini hamtapanda tena mlima. Epukeni kusafiri tarehe 28 na 29 Julai, sikukuu ya uhuru wa Peru, kila chombo kinajaa.

Njia ya kutoka Dar es Salaam: mkipita Marekani mtahitaji viza yao hata kwa kubadilisha ndege tu, watano wote. Angalieni Addis Ababa hadi São Paulo kisha Lima, na viza ya Peru yenyewe muulize ubalozi wao kabla ya kulipa tiketi. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bima isomeni sehemu ya mwinuko, maana nyingine hukoma mita fulani, na ihakikishe inagharamia kuokolewa kwa ndege.

Chanjo ya homa ya manjano mchanjwe wote angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Milimani haihitajiki, Manu inahitajika, na mkirudi uwanja wa Julius Nyerere kadi ya njano mtaulizwa kwa kuwa mmetoka nchi yenye ugonjwa huo. Cheti sasa kinadumu maisha yote. Kidonda chochote cha ngozi kisichopona kwa wiki kadhaa baada ya kurudi kionyeshwe hospitali, na mtaje kwamba mliumwa na usubi wa Amazon, kwa sababu wanaambukiza lishmania.

Na malaria. Manu ni kidogo kuliko Kigoma au Lindi, lakini aina inayotawala Peru ni vivax, tofauti na ile ya kwetu. Dawa ya mseto tunayoijua inasafisha damu, ila vivax huacha vimelea vimelala kwenye ini na kuamka baada ya miezi. Ili kuvitoa inahitajika primakwini, na primakwini huvunja damu ya mtu mwenye upungufu wa G6PD, hali iliyo ya kawaida kwa watu wa mwambao wetu. Ndiyo maana nikasema mpime mapema. Mtoto yeyote akipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, hata kama kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria, mwambieni daktari neno Peru kabla hajaandika dawa, na mumwombe aangalie damu kwa hadubini.